Kuishi kwenye boti marinani msimu wa joto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kuhamia kwenye boti kwa msimu wa joto, chombo kikiwa kimefungwa gatini kwenye marina, yaani bandari ndogo ya boti za starehe, na yeye akilala, akipika na pengine akifanya kazi humo humo. Wengi wanaouliza huanza na mawimbi na dhoruba. Majibu yetu yamekaa zaidi kwenye nyaya, mipira ya maji na joto, maana hivyo ndivyo vinavyomsumbua mkazi wa gatini kila siku, na ndivyo vinavyozamisha au kuunguza vyombo vilivyofungwa salama salimini.

Nikishalipia nafasi, si naweza kuhamia tu?

Hapana. Kulipia nafasi ya kuegesha chombo ni jambo moja, ruhusa ya kulala humo ni jingine. Marina nyingi zina idadi maalumu ya wakazi, nyingine huruhusu kulala siku chache tu kwa mwezi, na zipo zisizotaka mkazi hata mmoja. Soma mkataba mpaka mwisho: kuna ada ya ziada ya mkazi? Umeme unapimwa kwa mita? Unaruhusiwa kupiga msasa na kupaka rangi ukiwa gatini? Kuanika nguo je?

Halafu iambie kampuni ya bima ukweli. Bima ya boti ya matembezi huenda isimlinde mtu anayeishi humo, na kampuni ikigundua baada ya ajali, imepata sababu ya kutolipa.

Wapo wanaoishi kimyakimya bila kusema. Mlinzi anajua. Taa inawaka kila usiku, asubuhi kuna harufu ya chai, na gatini kila mtu anaona sitaha ya mwenzake.

Kodi inahesabiwaje?

Kwa urefu, na urefu wenyewe ni wa chombo kizima: ule mti unaochomoza omoni, yaani mbele ya chombo, nanga inayoning'inia hapo, na jukwaa la kuogea lililoko tezini, yaani nyuma. Boti iliyoandikwa mita 10 kwenye karatasi za kiwandani inaweza kuwa mita 11 na ushee kwa utepe wa marina. Katamarani, boti yenye viwiliwili viwili sambamba, hulipa zaidi, mara nyingi bei moja na nusu au mara mbili, kwa sababu inakula nafasi ya vyombo viwili.

Ni nafuu kuliko kupanga nyumba?

Inategemea chombo. Kodi ya nafasi inaweza kuwa chini ya kodi ya nyumba, ila boti ina njia zake za kula pesa: rangi ya chini, pampu, betri, kamba, kupandishwa nchi kavu. Wenye vyombo hupenda kusema utenge asilimia 10 ya thamani ya chombo kila mwaka. Hayo ni makisio tu, na chombo chakavu kitayapita mapema. Kwa maoni yetu, anayehamia kwa ajili ya kuokoa pesa peke yake huwa wa kwanza kuondoka.

Nichague nafasi ipi gatini?

Hapa ndipo wageni hukosea zaidi, kwa sababu huchagua kwa kutazama ukaribu wa bafu na maegesho ya gari. Tazama upepo.

Chombo kilichotia nanga hujigeuza chenyewe: omo inakabili upepo, hewa inaingia kwa kidirisha cha mbele na kutokea mlangoni nyuma. Kilichofungwa gatini hakigeuki. Upepo wa jioni ukija ubavuni au kwa nyuma, kidirisha cha mbele hakina kazi, na chumba cha omoni kinakuwa tanuri. Kwa hiyo nenda ukatembelee marina alasiri na tena jioni, uone bendera zinapepea kuelekea wapi, kisha uombe nafasi ambayo omo yako itautazama upepo huo. Kama boti yako inaweza kuingia kinyumenyume, una chaguo la pili.

Kumbuka pia kwamba ukuta unaozuia mawimbi huzuia na upepo. Nafasi za ndani kabisa ni tulivu na zina joto kali, na takataka zinazoelea huishia huko huko. Nafasi za karibu na lango zina hewa nzuri, lakini kila boti inayopita kwa kasi itakutikisa. Tungependelea kutikiswa.

Humo ndani kunalalika kweli kwenye joto?

Kunalalika, ukianza na kivuli. Sitaha ikipigwa jua kutwa nzima, joto hujihifadhi humo na kuendelea kushuka kitandani mwako hadi usiku wa manane. Tandaza turubai la rangi isiyokolea juu ya sitaha nzima kadiri uwezavyo, na uache nafasi ya kutosha kati ya turubai na sitaha ili hewa ipite. Turubai lililolala juu ya sitaha halisaidii kitu. Ongeza pazia la ubavuni upande wa magharibi, kwa sababu jua la alasiri huingia chini ya turubai.

Vidirisha vya vioo vya juu ni vibaya kuliko vinavyoonekana. Vifunike kwa nje. Pazia la ndani linazuia macho ya watu, lakini joto limeshaingia.

Kisha feni. Feni ndogo za volti 12 hutumia chini ya ampea moja kila moja, kwa hiyo weka moja kila kitanda, iwe inakupuliza wewe moja kwa moja. Weka vyandarua kwenye kila tundu kabla msimu haujaanza, maana maji yaliyotulia na mbu ni ndugu. Na upike asubuhi, au nje. Jiko la ndani likiwaka nusu saa jioni, mtalala nalo.

Kiyoyozi je?

Kinasaidia, hasa penye unyevunyevu mwingi. Viyoyozi vilivyojengwa ndani ya boti hupozwa kwa maji ya bahari yanayovutwa na pampu, na maji hayo hupita kwenye chujio. Msimu wa joto chujio huziba kwa majani ya baharini na yavuyavu, na kiyoyozi hujizima saa ile unayokihitaji zaidi. Kagua chujio kila siku mpaka uijue tabia ya maji ya hapo. Tazama pia pale maji yanapomwagika nje ubavuni: yakipungua nguvu, kuna kitu kimeingia.

Kiyoyozi kikiwaka, funga madirisha. Hewa ya nje yenye mvuke ikikutana na kuta zilizopoa, maji yanatiririka nyuma ya magodoro na kuvu inaota ndani ya wiki.

Umeme wa gatini utanitosha?

Sehemu nyingi zenye volti 230 hukupa plagi ya ampea 16, ambayo ni wati 3,680. Kwenye volti 120 plagi ya kawaida ni ya ampea 30, yaani wati 3,600. Karibu sawa. Birika la umeme pekee linaweza kula wati 2,000. Weka kiyoyozi na kikausha nywele pamoja nalo, swichi itaruka.

Swichi kuruka si tatizo. Tatizo ni plagi inayopata moto polepole bila swichi kuruka. Chomoa waya wako wa gatini na utazame pini zake kwa karibu. Pini nzima inang'aa. Pini iliyobadilika kuwa ya kahawia, au plastiki iliyoizunguka ikiwa imevimba au kulainika, ina maana mguso ni mbovu na umeme unazalisha joto hapo. Badilisha plagi na soketi yake kwa pamoja. Ukibadilisha upande mmoja, ule mbovu utauunguza mpya. Usiache waya mrefu umeviringishwa huku ukivuta umeme mwingi, kwa sababu joto la katikati halina pa kutokea. Na ekstensheni ya nyumbani haifai gatini, hata kwa usiku mmoja.

Na friji likiwa kwenye betri?

Friji la volti 12 huvuta takriban ampea 5 kompresa ikiwaka, na kwenye joto kompresa inaweza kuwaka zaidi ya nusu ya siku. Nusu ya saa 24 ni saa 12, mara 5 ni saa-ampea 60. Betri ya kawaida ya risasi yenye saa-ampea 100 haitakiwi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo friji peke yake limeshaimaliza. Unahitaji betri zaidi, au sola, au umeme wa gatini usiokatika.

Naweza kujirusha majini hapo hapo gatini?

Usifanye hivyo, na usimruhusu mtoto. Boti yoyote yenye hitilafu ya nyaya inaweza kuvujisha umeme majini, na aliye karibu anaweza kushikwa na ganzi ya misuli akazama bila hata kupiga kelele. Miliampea kumi tu za umeme wa gatini zinatosha kumfanya mtu ashindwe kuogelea. Hatari ni kubwa zaidi kwenye maji baridi ya mto na ziwa, kwa sababu mwili hupitisha umeme kuliko maji hayo. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, na sehemu kubwa huupita mwili pembeni. Hiyo haimaanishi maji ya chumvi ni salama.

Ukimwona mtu anataabika majini gatini, usimfuate. Kata umeme kwenye nguzo za gati, mrushie boya, mwambie aogelee kuliacha gati.

Kwa nini vyuma vya chini ya boti vinaliwa haraka gatini?

Waya wa ardhi wa umeme wa gatini unaziunganisha boti zote zilizochomekwa. Vyuma vya aina tofauti vikiunganishwa kwa waya huku vyote vikiwa majini, tayari ni betri, na chuma dhaifu ndicho kinacholiwa. Ndiyo maana chombo huvalishwa vipande vya kujitoa mhanga: zinki kwa maji ya chumvi, magnesi kwa maji baridi, alumini kwa maji ya chumvi na yale yaliyochanganyika. Vikaguliwe msimu ukifika katikati, na vibadilishwe vikishaliwa nusu. Kipo pia kifaa cha kukata mkondo huo kwenye waya wa ardhi bila kuondoa usalama wake. Muulize fundi umeme wa boti akufungie. Jirani asiyejali zinki zake anakula zako.

Boti iliyofungwa itazamaje?

Kirahisi. Boti nyingi za starehe huzama zikiwa zimefungwa kuliko zikiwa safarini, kwa sababu safarini kuna mtu macho.

Chukua tundu la kupitishia maji lenye kipenyo cha milimita 38, lililo sentimita 60 chini ya usawa wa maji. Mpira wake ukichomoka, yanaingia maji zaidi ya lita 100 kwa dakika. Pampu ndogo ya ngama, yaani ya kutoa maji yanayokusanyika chini kabisa ndani ya chombo, inayokuja na boti nyingi imeandikwa kama lita 30 kwa dakika, na kiasi hicho ni cha betri iliyojaa na mpira mfupi usiopanda. Huwezi kushinda mashindano hayo. Kazi yako ni kuhakikisha hayaanzi.

Kila wiki fungua mbao za sakafu, washa tochi, na ulitazame kila tundu la chini. Zungusha kila valvu, funga na ufungue, ili isigande. Gusa mpira mahali unaposhikwa na klipu: ukiwa mgumu na wenye nyufa ndogo, au ukiwa umelainika na kuvimba kama mkate, ubadilishe. Klipu zenye kutu hukatika kwa chini, upande usiouona, kwa hiyo pitisha kidole. Ning'iniza kigingi cha mti laini kando ya kila valvu, cha ukubwa wa kuziba tundu lake.

Nyanyua kielea cha pampu ya ngama kwa mkono usikie ikiwaka. Na uwe na king'ora cha maji ya ngama, kiwe juu kidogo ya kielea, kinacholia mpaka jirani asikie.

Naweza kuacha mpira wa maji umeunganishwa kutoka gatini?

Ukiwa chomboni na uko macho, sawa, ukiwa na kifaa cha kupunguza presha. Ukitoka au ukilala, funga bomba la gatini. Tangi lako likivuja, litamwaga lita zake na kuisha. Bomba la gatini haliishi. Kiungo kimoja kikiachia chini ya sinki, maji safi ya kunywa yataizamisha boti yako mchana kweupe, na yeyote anayepita gatini hataona kitu mpaka sitaha iwe imeinama. Ni bora ujaze tangi na kutumia pampu yako.

Mpira uwe wa maji ya kunywa. Uache maji yatiririke dakika moja kwanza. Yaliyolala juani ndani ya mpira yana ladha ya plastiki na si hiyo tu.

Choo kinakuwaje?

Maji machafu hayamwagwi marinani. Yanakwenda kwenye tangi, na tangi linanyonywa kwenye kituo cha marina au na boti ya huduma inayozunguka. Hesabu: tangi la lita 80, kila kuvuta maji lita 2, mara 10 kwa siku kwa watu wawili. Siku ya nne limejaa. Wakazi wengi hutumia vyoo vya nchi kavu mchana na kuacha cha boti kwa usiku, na hiyo ndiyo busara.

Kisiingie kitu ambacho hakikuliwa kwanza, isipokuwa karatasi laini kidogo. Vitambaa vyenye unyevu vilivyoandikwa kwamba vinaweza kutupwa chooni ndivyo vinavyomfanya mtu afungue pampu ya choo kwa mikono yake mwenyewe, na joto la msimu halisaidii.

Harufu haiishi hata nikisafisha. Inatoka wapi?

Kuna vyanzo viwili vya kawaida. Kwanza, maji ya bahari yaliyosimama kwenye bomba la choo: viumbe vidogo vilivyomo hufa na kuoza, na maji ya kwanza asubuhi yananuka yai viza. Kabla ya kutoka, suuza kwa maji safi yasiyo ya chumvi kutoka tangi lako la maji ya kunywa. Pili, mpira wenyewe wa maji machafu huwa umelowa harufu mpaka nje. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto, kikamue, upanguse mpira nacho, uache kipoe, kisha unuse. Kitambaa kikinuka, hakuna dawa itakayosaidia ila mpira mpya.

Gesi ya kupikia ni salama ndani ya boti?

Ni salama kwa masharti. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, na boti haina mlango chini. Ikivuja inashuka ngamani na kukaa huko ikisubiri cheche. Mtungi ukae kwenye kijumba chake chenye tundu la kutolea gesi nje, na ufungwe kwenye mtungi wenyewe kila ukimaliza kupika. Mvuke wa petroli una tabia hiyo hiyo, kwa hiyo washa feni ya chumba cha injini kabla ya kuwasha injini ya petroli.

Kaboni monoksidi ni jambo jingine. Haina rangi wala harufu, na inaweza kutoka kwa jenereta ya jirani ikaingia kwa kidirisha ulichofungua kupata hewa. Weka king'ora chake karibu na unapolala.

Kamba nizifungeje?

Kwanza jua gati lako ni la aina gani. Linaloelea hupanda na kushuka pamoja nawe, kwa hiyo kamba zinaweza kuwa fupi. Lililosimama kwa nguzo halisogei, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, yanaweza kupwa kiasi cha kuiacha boti ikining'inia kwenye kamba zake. Hapo kamba ziwe ndefu, hasa zile mbili za ubavuni zinazokatisha, moja ikizuia kwenda mbele na nyingine kurudi nyuma. Nailoni ndiyo bora kwa sababu inavutika. Palipo na msuguano, vika kipande cha mpira au ngozi. Dafrao, yaani maboya yanayokinga ubavu wa boti usigonge gati, ziwe kubwa kuliko unavyodhani zinatosha.

Tufani ikitangazwa?

Vua matanga yote, pamoja na lile lililoviringishwa mbele. Upepo ukilifungua kidogo tu, litaichana boti yako na ya jirani. Vua turubai. Ongeza kamba, kila moja kwenye kishikio chake ikiwezekana. Chaji betri. Kisha shuka. Hakuna unachoweza kufanya chomboni upepo ukifika huko, na chombo kina bima.

Watoto na wanyama?

Mtoto asiyejua kuogelea anavaa jaketi la kuokolea tangu anakanyaga gati. Wazazi huogopa bahari ya nje, kumbe hatari ni ule mwanya kati ya boti na gati. Jua ngazi za kupandia zilipo na uziguse usiku bila taa, ili mkono uzikumbuke. Paka huanguka pia: ning'iniza kipande cha zulia kigusie maji, atapanda mwenyewe.

Mende?

Huja na maboksi. Yaache kwenye pipa la takataka la gatini, upakie vitu kwa mkono.

Jirani analalamika kelele wakati mimi nimelala. Vipi?

Ni henza zako, zile kamba za kupandishia tanga, zinazogonga mlingoti. Wewe huenda huzisikii ukiwa umelala. Yeye anazisikia usiku kucha. Zivute kando ya mlingoti kwa kamba fupi kila jioni. Na sauti juu ya maji husafiri, kwa hiyo simu yako ya saa tano usiku sitahani, gati zima linajua inamhusu nani.

Naweza kufanya kazi za ofisi humo?

Ndiyo. Usitegemee intaneti ya marina jioni wikendi. Boti ya chuma huzuia mawimbi ya simu, hivyo weka antena nje.

Boti isipotoka msimu mzima kuna shida?

Ipo. Maji ya joto huotesha magamba na majani chini ya boti kwa kasi, na rangi nyingi za kuzuia uoto hufanya kazi vizuri zaidi chombo kikitembea. Parafujo la nyuma, yaani panga linalosukuma boti, ndilo la kwanza kuvaa magamba, na injini itazunguka sana bila boti kwenda. Toka nje ya marina kila wiki mbili tatu, hata kwa saa moja, na injini ipate joto lake kamili. Ukimwita mzamiaji akusugulie, uliza kwanza kama marina inaruhusu, na umeme ukatwe kabla hajaingia majini.

Nikisafiri siku chache?

Funga valvu zote isipokuwa za matundu ya kutolea maji ya sitaha. Funga gesi na maji ya gatini. Acha pampu ya ngama kwenye umeme wake wa moja kwa moja, chaja ya betri ikiwaka. Toa kila kinachooza frijini. Mwachie jirani ufunguo na namba ya simu, na umwonyeshe kwa macho yake ilipo swichi kuu ya betri.